Jiwe la Goma Halichuji Maji

Mheshimiwa chefu wa karitie, wazee wetu, mama zetu na baba zetu, nanyi vijana mliobaki mlangoni kwa sababu viti vimekwisha, nawasalimu nyote na kuwashukuru kwa kuja, ingawa mawingu yamejikusanya upande wa Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, na najua wengi wenu mmeacha nguo kwenye kamba. Kabla sijaendelea, naomba mtazame zile bidoni mbili za njano zilizoko nyuma ya ukumbi. Maji yake yamechotwa ziwani leo mchana, na sasa hivi, saa kumi na robo, kijana wetu amemaliza kuyatia klorini. Msinywe bado. Nitawaambia wakati ukifika.

Niliombwa nizungumze mambo matatu, kila moja kwa jioni yake: bustani ya nyumbani, wadudu wanaoiharibu, na usafi wa maji tunayokunywa. Nimeomba nipewe jioni moja tu. Sikuomba hivyo kwa uvivu, wala kwa kuyadharau mambo yenyewe. Katika mji huu wa Goma, ambao hauna udongo mrefu kama wa Butembo au wa Kindu, mambo hayo matatu yanapita katika ufa mmoja wa jiwe, na anayeyatenganisha anaweza kumfundisha mama kulima vizuri huku akimnywesha kile alichokimwaga bustanini.

Nianze na jiwe lenyewe. Tumejenga juu ya lava. Nyingine ni ya kale, imekwisha kuota miti na kusahau moto wake. Nyingine tuliiona ikija. Wazee wanaikumbuka ile ya Januari 1977. Wengi wetu tuliikimbia ile ya tarehe 17 Januari 2002, iliyopita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya kiwanja cha ndege na kuingia ziwani. Na hata watoto wa shule ya msingi wanaweza kuisimulia ile ya tarehe 22 Mei 2021, iliyokuja usiku na kusimama upande wa Buhene. Lava inapopoa hupasuka, na nyufa zake hushuka chini zikikutana na nyufa nyingine, mpaka ardhi yote inakuwa kama kikapu. Ndiyo maana mvua inatunyeshea miezi mingi ya mwaka na bado hakuna mto hata mmoja unaokatiza katikati ya mji. Maji hayakai juu. Yanazama.

Jana jioni nilibeba basini ya maji yaliyokwisha kuoshea vyombo, nikayamwaga kwenye ufa ulio nyuma ya jiko langu, ufa mwembamba usioweza kupitisha kidole cha mtoto. Kabla sijanyoosha mgongo yalikuwa yamekwisha, limebaki povu tu kwenye mdomo wa ufa, na punje mbili za wali. Niliinama nikasikiliza. Kulikuwa na mlio mdogo wa kitu kinachodondoka mbali, kisha kimya. Mahali penye udongo, maji machafu yakimwagwa hupita polepole katika mchanga na mfinyanzi, uchafu ukashikwa njiani, na vijidudu vya udongo vikaula mwingi kabla maji hayajafika kwenye chemchemi. Jiwe letu halina subira hiyo. Halichuji. Linachopokea juu linakipeleka chini kikiwa karibu kama kilivyo, na chini ya Goma, mteremko wote unaelekea Ziwa Kivu, mahali palepale tunapojazia bidoni zetu.

Hili si jambo la nadharia kwa mji huu. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi mamia kwa maelfu kutoka Rwanda waliingia hapa ndani ya siku chache, wakakaa juu ya lava ambayo haikuruhusu kuchimbwa choo wala, kwa siku zile za mwanzo, hata kaburi. Kipindupindu kikaja, kikafuatwa na kuhara damu, na ndani ya mwezi mmoja karibu watu 50,000 walikufa. Waliokuwapo hawahitaji kukumbushwa na mimi. Nataka tu tushike kwamba choo na mahali pa kuchotea maji vilikuwa, kwa kweli, kitu kimoja, kwa sababu jiwe liliviunganisha. Na mwaka 2021, lava ilipoharibu mabomba na hifadhi ya maji, karibu watu nusu milioni walibaki bila maji ya robine, na safari ya ziwani ikarudi kuwa kazi ya kila asubuhi hata kwa nyumba zilizokuwa zimeisahau.

Basi tuseme juu ya bidoni, kwa sababu humo ndimo mambo yote yanapoishia.

Wengi mmewaona wale vijana na mama wanaokaa kwenye fukwe za kuchotea, wenye ndoo ya klorini na bomba la sindano lisilo na sindano. Unapita na bidoni yako, anachota kipimo, anakipiga ndani, unafunga kifuniko, unaenda. Wapo wanaokwepa. Nimesikia sababu zote: kwamba maji yananuka, kwamba klorini inazuia kuzaa, kwamba chai inaharibika. Hiyo ya kuzaa ni uongo mtupu na naomba ifie humu ukumbini. Harufu ni kweli ipo, na ni harufu njema: inakwambia kwamba klorini iliua ilichokuta na ikabaki kidogo ya kulinda. Wataalamu wanapima baada ya nusu saa, na wanataka ibaki kama nusu miligramu katika kila lita. Ikiwa baada ya nusu saa hakuna harufu kabisa, maana yake uchafu ulikuwa mwingi ukaila klorini yote, na hapo ndipo penye hofu.

Nusu saa hiyo, mama zangu, ndiyo tunayoiibia. Bidoni inatoka ziwani kichwani au juu ya chukudu, kile chombo chetu cha mbao cha magurudumu mawili, inafika nyumbani, na mtoto aliyetoka kucheza anamiminiwa kikombe hapohapo. Klorini haijamaliza kazi yake. Ingojewe.

Asiyepata mtu wa klorini ufukweni anaweza kutumia vidonge, akifuata maandishi ya pakiti, au javeli ya kawaida isiyo na manukato, ile yenye klorini ya asilimia 5 hivi: matone mawili kwa kila lita ya maji maangavu, matone manne ikiwa maji yana ukungu, na bora kwanza yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa. Kwa bidoni ya lita 20 ya maji maangavu ni matone 40, yaani mililita 2. Javeli ya chupa isiyo na lebo, iliyozimuliwa na muuzaji asiyejulikana, ifulie nguo. Usiipe kazi ya kulinda watoto. Kuchemsha nako ni kuzuri, na maji yakitokota kwa dakika moja yanatosha kwa mwinuko wetu huu wa mita 1,500 hivi, lakini sote tunajua bei ya gunia la makala, yaani mkaa, na tunajua mengi ya makala hayo yanakatwa wapi. Hifadhi ya Virunga imekuwapo tangu mwaka 1925, na sufuria zetu zinaichoma kidogokidogo. Kwa hiyo mimi, nikiulizwa, nasema klorini kwanza, makala yabaki kwa kupikia sombe, majani yetu ya muhogo.

Na kisha kuna kikombe. Nimeingia nyumba safi kabisa, sakafu imepigwa deki, bidoni imetiwa klorini, maji yamehamishiwa kwenye ndoo yenye mdomo mpana, na juu ya ndoo kuna kikombe cha plastiki ambacho kila anayepita anakizamisha pamoja na vidole vinne. Kazi yote imebomolewa hapo. Maji ya kunywa yabaki katika chombo chenye mdomo mwembamba, yamiminwe, yasichotwe.

Kuhusu maji ya mvua nitasema jambo ambalo huenda halitawafurahisha wenye matanki. Mahali pengine maji ya mvua ndiyo safi kuliko yote. Kwetu, mvua inapita kwanza katika moshi wa Nyiragongo. Moshi huo una gesi zinazofanya maji yawe na ukali wa asidi, na una floridi. Ukitaka ushahidi wa asidi, panda ngazi uangalie bati la nyumba yako lililokwisha kutoboka kabla ya umri wake. Ukitaka ushahidi wa floridi, tazama meno ya watu waliokulia upande unaopokea moshi zaidi, kama Rusayo na kuelekea Sake: madoa ya rangi ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki wowote. Shirika la Afya Duniani linasema floridi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Na hapa niwaombe mnisikilize vizuri, kwa sababu wengi wanakosea: kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki, kwa hiyo sufuria iliyochemka muda mrefu ina floridi nzito kuliko mwanzo. Klorini nayo haiigusi. Kinachosaidia ni kutoyategemea maji hayo kwa kunywa, hasa kwa watoto ambao meno yao ya kudumu bado yanajengeka ndani ya ufizi. Kuacha mvua ya kwanza ioshe bati na kumwagika kabla ya kufungua mfereji wa tanki. Na kufunga tanki siku ambazo moshi umelala juu yetu. Kwa kufua, kwa kuosha sakafu, na kwa bustani kwa kiasi, yatumieni. Tanki lifunikwe kwa chandarua, maana lililo wazi ni kitalu cha mbu, na malaria hatuhitaji kuilima.

Sasa bustani. Mtu akisema Goma hakulimiki kwa sababu ya mawe, mpelekeni kwa jirani yeyote mwenye migomba iliyosimama juu ya lava kama imepandwa na malaika. Lava ikichakaa hutoa udongo mzuri sana, tatizo ni kwamba uhai wa mtu mmoja haumtoshi kuingoja. Kwa hiyo tunaununua udongo kwa gunia, na udongo ulionunuliwa haumwagwi juu ya nyufa uzame na mvua ya kwanza. Unafungiwa.

Bustani ya gunia inatufaa kuliko watu wa mji wowote, kwa sababu inataka mawe, na mawe ndiyo mali yetu. Chukua gunia, likunje midomo, lisimamishe juu ya mawe bapa ili maji ya ziada yatoke. Changanya udongo mafungu matatu na samadi iliyooza fungu moja, ongeza majivu ya jikoni konzi mbili tatu ambayo pia yanapunguza ule ukali wa mvua yetu. Katikati weka kopo kubwa lililotolewa kitako, lijaze kokoto za lava, zungushia udongo nje yake, kisha vuta kopo juu kidogo, jaza tena, vuta tena, mpaka ufike mdomoni mwa gunia. Ukimaliza utakuwa na nguzo ya kokoto iliyosimama katikati ya udongo, na hiyo ndiyo njia ya maji: unamimina juu, yanashuka na kuenea pande zote, mizizi ya chini inakunywa sawa na ya juu. Toboa matundu ubavuni, umbali wa kiganja kati ya tundu na tundu, upandikize lengalenga, matembele au shu changa, yaani kabichi; juu weka kitunguu, poaro, au miche miwili ya nyanya. Gunia langu moja linakunywa lita tano asubuhi, na siku ya mvua halinywi kitu.

Samadi iwe imeoza kweli. Iliyo mbichi, ya nguruwe hasa, na ile tusiyoitaja mezani, inabeba magonjwa yaleyale ya kwenye bidoni, na jani linayapandisha mpaka kwenye sahani. Lengalenga tunaipika, kwa hiyo moto unatuokoa. Nyanya na majani ya saladi tunayala mabichi. Hayo yaoshwe kwa maji yaliyotiwa klorini, na wakati wa kumwagilia, maji yaende kwenye udongo, yasinyunyizwe juu ya jani. Maji ya kuoshea vyombo, yale yenye sabuni kidogo tu, mnaweza kuyapa magunia badala ya kuyapa ufa. Udongo wa gunia utayachuja kwa namna ambayo jiwe haliwezi. Yaliyokuwa na javeli, hapana.

Neno moja kwa wakaaji wa upande wa magharibi, kule Himbi, Kyeshero na kuelekea Bulengo. Ninyi mnajua mazuku kuliko mimi. Ile hewa nzito inayotoka ardhini haina rangi, inajaza mashimo na mabonde usiku na alfajiri, na mtu anayeinama humo haamki. Watu wa kilimo huwa wanafundisha kuchimba shimo la mboji. Kwenu msichimbe. Lundikeni mboji juu ya ardhi, zungushieni mawe, na msiwaache watoto wachezee mashimo ya zamani kwa kisingizio cha bustani.

Nimefika kwa wadudu, na hapa nitakaa kidogo.

Kiswahili chetu kinatudanganya katika jambo hili. Sumu ya kuulia wadudu tunaiita dawa. Unasema umeweka dawa kwenye shu, na moyo unatulia, kwa sababu dawa ni kitu cha kuponya. Miaka kadhaa iliyopita nilidanganywa na neno hilo mimi mwenyewe, mtu niliyesomea kilimo. Shu zangu zilikuwa zimetobolewa na viwavi hadi zikawa kama wavu, nikanunua sokoni kichupa kidogo kisicho na lebo, maji yake ya njano, na muuzaji akaniambia niweke kifuniko kimoja katika lita kumi, au viwili wadudu wakiwa wakaidi. Wangu nikawaona wakaidi. Nikapiga dawa asubuhi bila kitambaa puani, nikaoshea pampu pembeni ya ua, maji yakazama nilivyowaeleza. Saa sita viwavi walikuwa wanaanguka kama punje, nikafurahi. Kuku nao walifurahi wakaja kuwaokota. Jioni kuku watatu walikuwa wamelala ubavu, shingo zimepinda, na mmoja alikuwa bado anapiga bawa moja chini, polepole, kama anayefukuza nzi. Shu zile nilikuwa nimeahidi kuziuza siku ya tatu. Sikuziuza, lakini nawaambia kweli kwamba nilifikiria.

Tangu siku hiyo sheria yangu ni fupi. Chupa isiyo na lebo haiingii nyumbani kwangu. Yenye lebo, natafuta kwanza siku za kungoja, yaani siku zinazotakiwa kupita kati ya kupiga na kuvuna, na kama siwezi kuzingoja sipigi. Chupa tupu haigeuzwi kuwa ya mafuta ya kupikia wala ya maziwa, hata ioshwe mara kumi. Inatobolewa ili isimshawishi mtu. Na pampu haioshwi ziwani, wala karibu na robine, wala kwenye ufa: maji ya kuoshea yanazimuliwa na kurudishwa juu ya mimea ileile iliyopigwa.

Lakini kwa bustani ya magunia manne au matano, kwa kweli hatuhitaji pampu. Tunahitaji macho na vidole. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, geuza jani la shu uangalie tumboni mwake. Utaona mayai madogo ya njano, yamekaa moja moja au yamepangwa pamoja, hayazidi kichwa cha sindano. Pitisha kidole gumba mara moja na umekwisha kuua viwavi ambao wiki ijayo ungewatafutia sumu. Mtoto wa miaka minane anafanya kazi hii vizuri kuliko sisi, kwa sababu yuko karibu na jani. Vidukari wanaojikusanya kwenye machipukizi ya lengalenga wanakufa kwa maji ya sabuni ya kipande iliyoyeyushwa, kwa sababu sabuni inaharibu ngozi yao laini na kuwakausha. Wapigwe jioni, jua lisije likaunguza jani lenye sabuni.

Kwenye mahindi machache ya pembeni mwa ua, angalieni ndani ya koo la mmea. Kiwavijeshi vamizi, aliyeripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, anajificha humo na kuacha unga kama wa msumeno. Mtamtambua kwa alama kama ya herufi Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne yaliyopangwa mraba karibu na mkia. Anaokotwa na kupondwa, kisha koo linatiwa majivu au mchanga. Nyanya zina ugonjwa wanaouita mildiu, ambao hauna mdudu wa kuonekana: madoa meusi kama yaliyochemshwa, na mmea mzima unaanguka ndani ya siku chache za mvua. Huo unapenda jani lililolowa. Wekeni kipande cha shitingi, lile turubai la plastiki, juu ya nyanya kama kibaraza, ondoeni majani ya chini yanayogusa udongo, na jani lenye ugonjwa lisitupwe kwenye mboji.

Kuna mimea ya kienyeji inayoua wadudu, na wengi huuliza juu yake. Pareto imelimwa katika nyanda za juu za Kivu tangu enzi ya ukoloni kwa kazi hiyohiyo. Utupa nao unajulikana: majani yake yaliyopondwa na kulowekwa usiku mmoja yanaua viwavi na vidukari. Lakini jina lake liwakumbushe babu zetu waliutumia kwa kazi gani. Ni sumu ya samaki. Mvuvi aliuponda akautia majini, samaki wakaelea. Sambaza, wale samaki wetu wadogo, waliletwa katika ziwa hili kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hakuna jioni ya Goma isiyo na harufu yao ikikaangwa. Sitaki maji ya utupa yaliyobaki katika ndoo yako yawakute huko chini. Kwa hiyo loweka kidogo, maliza yote juu ya mimea, na makapi yazikwe ndani ya udongo wa bustani, mbali na nyufa. Mtu akisema kwamba kitu cha asili hakina madhara, mwonyesheni samaki.

Migomba nisiisahau. Mnyauko wa bakteria ulionekana Masisi mwaka 2001 na umekwisha kumaliza mashamba mengi. Jani linakuwa la njano na kunyauka, ndizi inaiva kabla ya wakati, ukiikata ndani ina rangi ya kahawia, na shina likikatwa linatoa usaha wa njano. Hakuna dawa ya chupa, na anayekuuzia anakuibia. Unaenezwa na wadudu wanaotembelea ua la dume, na unaenezwa zaidi na panga letu. Vunjeni ua la dume kwa kijiti chenye panda mara baada ya kichana cha mwisho kutokea, bila kutumia chuma. Shina lililougua likatwe chini kabisa na mapema. Panga lipitishwe motoni mpaka liwe moto wa kushindwa kushikwa, au lisafishwe kwa javeli, kabla ya kugusa mgomba wa pili. Na yule kijana anayepita avenyi kwa avenyi akikata migomba kwa malipo, mwombeni apitishe panga lake motoni mbele ya macho yenu. Akikasirika, mlipeni nauli aende.

Jumamosi asubuhi, kwa ruhusa ya chefu, tutakutana uani hapa nyuma kujaza magunia ya kwanza. Kila mmoja alete gunia moja, kopo kubwa lililotolewa kitako na ndoo moja ya majivu, mawe hatutayakosa. Mwenye kichupa cha sumu kisicho na lebo nyumbani asikimwage popote, wala chooni wala ufani. Akifunge katika mfuko, akiweke juu mtoto asipofika, na aniambie nikimaliza, tuvihesabu viko vingapi, ili wakubwa wa karitie wajue ni mzigo gani wanaoutafutia mahali pa kupelekwa.

Naona maswali yameanza kunong'onwa, na nitayajibu. Ila sasa ni saa kumi na moja kasoro dakika kumi, nusu saa ya klorini imepita na zaidi. Mwenye kiu aende nyuma, amiminiwe, na asizamishe kikombe.